Mbwa aliyekataa kulala: uchambuzi wa kisa kimoja cha mafunzo

Kisa hiki kinamhusu mbwa jike niliyefanya naye kazi kwa wiki 14. Jina lake si hili ninalolitumia, na yote yanayoweza kuwatambulisha wenye nyumba nimeyaondoa. Nimekiandika kwa ajili ya wanaofundisha mbwa, wa nyumbani kwao au wa watu wengine, kwa sababu kumfundisha mbwa alale kwa neno huhesabiwa kuwa somo jepesi, la wiki moja. Hapa halikuwa jepesi, na sehemu ya ugumu huo niliileta mimi.

Usuli

Nitamwita Mawingu. Alikuwa na umri wa miaka 3 hivi, kilo 27, nywele fupi, kifua kilichoshuka na mbavu zinazohesabika. Aliishi na watu watatu: mama mwenye nyumba, kijana wake wa miaka 14, na bibi anayetembea kwa mkongojo. Shida ilikuwa mlangoni. Bibi akirudi, Mawingu humrukia kwa furaha. Mara ya kwanza bibi aliyumba akajishika ukutani; mara ya pili aliangukia kiti. Waliniomba jambo moja tu: mlango ukifunguliwa, mbwa alalie tumbo na atulie hapo mpaka bibi aketi.

Neno "kaa" alilijua vizuri. Ukilitamka mara moja, anaketi. "Lala" ndilo lililoshindikana kwa karibu mwaka mzima. Njia waliyokuwa wameelekezwa na mtu mwingine ilikuwa kushika mkanda wa shingoni, kuuvuta chini, kugandamiza mabega kwa mkono wa pili, huku wakisema "lala" mpaka tumbo liguse sakafu.

"Mwalimu, anajua kabisa," mama aliniambia. "Ana kiburi tu. Mbona jioni akitaka mwenyewe analala vizuri kwenye blanketi lake?"

Swali lile lilibeba mambo mawili. Moja nililisikia siku hiyo hiyo. La pili lilinipita kwa siku tisa.

Kikao cha kwanza

Nilimwomba mama anionyeshe wanavyofanya kila siku, mimi nikae pembeni. Alisema "lala" mara saba ndani ya sekunde zisizozidi 20, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, akimwinamia mbwa. Mawingu aliketi. Masikio yakarudi nyuma, akalamba midomo ilhali hakukuwa na chakula, akapiga mwayo, akageuza uso pembeni. Mkono ulipokaribia mkanda wake, mwili mzima ulikakamaa.

Watu wengi huusoma mgeuko ule wa uso kuwa dharau. Mbwa anapolamba midomo hivyo, akapiga mwayo bila usingizi na kukwepa macho, mara nyingi yuko kwenye shinikizo na anajaribu kutuliza hali.

Kisha nikafanya majaribio matatu mafupi. Kwanza mama alisimama wima, mikono nyuma, akasema "lala" mara moja. Mawingu alimtazama tu. Pili, aliinama kama kawaida yake bila kusema neno: masikio yakarudi nyuma na mwili ukakakamaa. Tatu, aliinama vile vile akasema "kijiko" kwa sauti ile ile ya amri. Mbwa akafanya vile vile tena.

Kwa hiyo neno "lala" halikuwa na maana ya kulala. Kilichokuwa na maana ni mwili wa mama ulioinama, na maana yake ilikuwa kwamba sasa ninashikwa. Wahenga wanasema asiyejua maana haambiwi maana. Huyu alikuwa ameambiwa kwa mwaka mzima, kwa sauti inayopanda, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwelewesha.

Halafu kijana akaongeza lake. Yeye husema "lala" akitaka Mawingu ashuke kwenye kochi. Na usiku mama husema "haya, kalale" akimpeleka mahali pake. Neno moja lilikuwa na kazi tatu, na moja kati ya hizo ilikuja na maumivu ya shingo.

Uamuzi wa kwanza: kuliacha neno

Niliwaomba waache kabisa kusema "lala" kwa mbwa. Neno lililofungamana na kushikwa na kuvutwa linaweza kusafishwa, lakini kazi hiyo ni ndefu kuliko kuanza na neno jipya. Tulichagua "chini". Kushuka kwenye kochi kukawa "shuka", na kwenda mahali pa usiku kukawa "kwako".

Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi kwao: hata "chini" lisitamkwe kwanza. Mama alishangaa. Mtu atafundishaje neno bila kulitaja? Nilimweleza kwamba neno ni jina, na jina hupewa kitu ambacho tayari kipo. Ukilisema wakati mbwa amesimama anashangaa, analihifadhi pamoja na kusimama na kushangaa. Tupate kwanza kulala kunakokuja kwa hiari, haraka, mara nyingi. Kisha tukiite jina.

Sharti la tatu: hakuna mkono wa mtu kumsukuma wala kumvuta, kwa sababu yoyote ile.

Siku tisa za chambo

Njia niliyoichagua ni ile inayotumiwa na wengi, na kwa mbwa wengi inafaa. Mbwa ameketi. Unashika kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa, kama ukubwa wa harage, unakiweka puani pake, unakishusha wima mpaka sakafuni katikati ya miguu ya mbele, kisha unakivuta taratibu kuelekea kwako. Pua inafuata chambo, mabega yanafuata pua, viwiko vinashuka. Viwiko vikigusa sakafu, unasema neno fupi la kumjulisha kwamba hapo hapo ndipo alipopatia, kisha unampa. Sisi tulitumia "ndiyo". Wengine hutumia kidude cha kubofya kinacholia. Neno hilo liwahi, maana likichelewa sekunde mbili mbwa ameshainua kiwiko na unakuwa unalipia kuinuka.

Kosa la kawaida ni kuvuta chambo mbele mapema mno. Mbwa huinuka makalio ili aifikie nyama. Mawingu aliinuka makalio kila mara, hata nilipokwenda polepole kabisa. Nikajaribu daraja: unaketi sakafuni, unakunja goti, unapitisha chambo chini ya mguu wako ili mbwa alazimike kuinama apite. Alitambaa kidogo, viwiko vikiwa juu ya sakafu kwa upana wa vidole viwili, akarudi nyuma.

Nikapunguza kigezo, nikawa nalipia kila hatua ndogo: kichwa kushuka, bega kushuka, mguu wa mbele kusogea. Alipanda ngazi hizo mpaka karibu na mwisho, kisha akagota pale pale. Siku tisa, vikao viwili kwa siku, dakika tano kila kikao. Nilijieleza kwamba ni hofu ya mwaka mzima na itachukua muda. Maelezo yalikuwa ya busara na yalinifunga macho.

Video ya kijana

Siku ya tisa kijana alinitumia video ya simu. Alitaka kunionyesha furaha yake: Mawingu amelala mwenyewe jioni kwenye blanketi. Niliitazama mara ya kwanza nikafurahi. Mara ya pili niliipunguza kasi.

Alizunguka mara mbili, akajishusha kwa nyonga ya kulia, akatua upande, ndipo kiwiko cha kulia kikagusa. Kiwiko cha kushoto kilifuata mwisho kabisa, kikiwekwa taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika. Nikamwomba kijana anirekodie akiamka asubuhi. Hatua nne au tano za kwanza, kichwa kiliinuka kila mguu wa kushoto wa mbele ulipokanyaga. Mbwa anayechechemea mguu wa mbele huinua kichwa mguu unaouma unapopokea uzito. Hilo nilikuwa nalijua kwa miaka mingi.

Nikarudi kwenye swali la mama. Jioni analala vizuri *kwenye blanketi*. Mimi nilikuwa nimechukua "akitaka mwenyewe" na kuiacha blanketi. Vikao vyote tulivifanyia kwenye vigae.

Nilisimamisha mafunzo siku hiyo hiyo, nikawaomba waende kwa daktari wa mifugo. Uchunguzi na picha ya eksirei vilionyesha kiungo cha kiwiko cha kushoto kimeanza kulika. Daktari alipanga dawa, mapumziko na matembezi mafupi. Mama aliuliza kama angempa dawa ya maumivu iliyopo nyumbani, na daktari akamkataza. Nalirudia hapa kwa sababu naliona mara kwa mara: ibuprofen, ambayo mtu humeza bila wasiwasi, inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake.

Kuanza upya

Baada ya wiki tatu daktari aliruhusu mazoezi ya kulala, kwa masharti: juu ya kitu laini tu, mara chache, na kuacha mara moja akichechemea. Tukakubaliana mara tano kwa kikao, vikao viwili kwa siku.

Chambo sikukirudia. Mkono wenye nyama unaoshuka kwenye vigae ulikuwa umeshaunganishwa na kiwiko kinachouma, na sikutaka kuurudisha. Badala yake tulivizia kulala kwa kawaida. Blanketi nene lilikunjwa mara mbili na kuwekwa pale alipopenda kupumzika jioni. Kijana aliketi karibu na kibakuli cha nyama, kimya, bila kumwita wala kumtazama sana. Kazi yake ilikuwa kungoja. Mawingu akilala mwenyewe, kiwiko cha pili kikigusa tu: "ndiyo", na kipande kinawekwa sakafuni katikati ya miguu yake, ili akipate akiwa bado amelala.

Jioni ya kwanza alilala mara mbili katika dakika 40. Ya pili, mara tatu. Jioni ya nne kijana alipoketi tu na kibakuli, Mawingu alitembea hadi kwenye blanketi, akamtazama usoni, akalala. Akangoja alipwe. Kijana alinipigia simu usiku ule akizungumza haraka hata sikumwelewa mwanzoni.

Nimefanya kazi hii muda mrefu, na bado hakuna ninachokipenda kuliko wakati ule mbwa anapogundua kwamba yeye ndiye anayesababisha chakula kije. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike aliandika mwaka 1898, kutokana na paka aliowafungia kwenye masanduku, kwamba kitendo kinacholeta matokeo mazuri huelekea kurudiwa. Ukisoma linaonekana jambo dogo. Ukimwona mbwa aliyeitwa mkaidi akikutazama usoni kisha akalala kwa hiari yake, si dogo hata kidogo.

Kijana alikuwa na jicho zuri na subira. Sikumfundisha mengi.

Neno linaingia

Alipokuwa analala mara tano kati ya tano bila kusita, tulianzisha ishara ya mkono: kiganja kimetazama chini, kinashuka kidogo mbele ya kifua cha kijana, yeye akiwa wima. Hakuna kuinama. Kwa siku mbili ishara ilitolewa sekunde moja kabla ya pale alipokuwa tayari anakwenda kulala, kisha mapema zaidi.

Ndipo "chini" likaja, na hapa mpangilio ndio kila kitu. Neno kwanza, kimya cha sekunde moja, kisha mkono. Watu wengi husema neno na kushusha mkono kwa pamoja, halafu hushangaa kwamba mbwa hasikii neno bila mkono. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, aliyechunguza jinsi mbwa wanavyojifunza viashirio, alikwisha kuona kwamba viashirio viwili vikija pamoja, chenye nguvu hufunika kile dhaifu. Mbwa husoma miili yetu kuliko maneno yetu. Mkono ukija pamoja na neno, mkono unatosha na neno linakuwa kelele. Neno likitangulia, linakuwa habari: mkono unakuja. Baada ya siku kadhaa Mawingu alianza kushuka ndani ya kile kimya, kabla mkono haujasogea. Hapo ndipo nilipojua neno limeingia masikioni.

Au nilidhani hivyo. Nitalirudia.

Mlangoni

Blanketi tulilibadilisha kwa mkeka mnene wenye sponji, tukausogeza mita moja moja kuelekea mlangoni kwa siku sita. Tuliongeza muda kwanza, bila umbali na bila vishawishi: sekunde mbili, tano, tatu, nane, nne. Sikutaka muda upande tu, kwa sababu mbwa hugundua kwamba kila mara kazi inazidi kuwa ngumu. Kila kipindi kilimalizika kwa "haya", neno la kumwachilia, ili aondoke kwa ruhusa asianze kujipangia mwisho wake. Kisha vishawishi: kijana anagusa kitasa, anafungua kidogo, anatoka na kurudi. Bibi aliletwa mwisho, akiingia polepole, na mara za kwanza yeye mwenyewe ndiye aliyemdondoshea nyama katikati ya miguu.

Katika wiki ya kumi mgeni alifika bila taarifa. Kijana hakuwepo. Mawingu aliruka, mama akashtuka, akapiga kelele "LALA!" na kumshika mkanda. Mbwa alijikunyata, akakimbilia chini ya meza. Mama alinipigia akiwa na majuto makubwa.

Siku tatu zilizofuata Mawingu alilala polepole kwa "chini", na kwa mama hakulala kabisa. Kwa kijana alirudi sawa siku ya nne. Kwa mama ilichukua siku nane za kuanza mbali na mlango, mama ameketi kitini, akilipa kila mara. Laiti tungebaki na neno la zamani, pigo lile lingeangukia neno lenyewe tulilokuwa tunalijenga.

Matokeo

Mwishoni mwa wiki 14, kwenye mkeka wa mlangoni, Mawingu alilala kwa neno la kwanza mara 17 kati ya 20, tukijaribu kwa siku tatu na watu wote watatu. Alitulia mpaka bibi alipoketi mara zote alizolala, isipokuwa mara mbili. Bibi hakuangushwa tena katika kipindi chote hicho. Kwenye vigae bila mkeka hatukumdai, kwa sharti lile la daktari. 

Mguu unaendelea chini ya uangalizi wa daktari.

Uchambuzi

Kilichofaa kwanza ni kuliacha neno na kuwafunga mikono. Mabadiliko ya uso wa Mawingu yalianza wiki ile ile, kabla ya kujifunza lolote jipya: aliacha kukwepa mama alipopita karibu na mkanda wake. Cha pili ni kuvizia badala ya kushawishi. Ni njia ya polepole mwanzoni na inahitaji mtu anayeweza kukaa kimya dakika 40, lakini kwa mbwa mwenye maumivu ina jambo moja ambalo chambo haina: yeye huchagua namna ya kujishusha. Mawingu alitua kwa nyonga ya kulia kila mara. Chambo ilikuwa inamlazimisha kushuka kwa viwiko vyote viwili kwa pamoja, yaani kwa njia hasa iliyokuwa inamuuma.

Sasa kuhusu lile neno. Baada ya jaribio la mara 20 nilifanya jambo nililopaswa kulifanya mapema. Mawingu akiwa amesimama karibu na mkeka, kijana alisema "kijiko" kwa sauti ile ile ya "chini". Alilala. Tulirudia mara kumi. Alilala mara sita. Maana yake ni kwamba mkeka, mlango na kijana anayemtazama vilikuwa vinafanya sehemu kubwa ya kazi niliyokuwa nalisifia neno. Nilimweleza mama hivyo hivyo. Kwa haja yao haikuwa hasara: mkeka hauondoki mlangoni, na mbwa anayelala kwa sababu ameuona mkeka ni salama kwa bibi kama anayelala kwa neno. Lakini nisingesema mbwa yule anajua "chini" kwa maana kamili. Anayetaka neno lenyewe ni lazima afundishe pia upande wa pili: maneno mengine hayalipwi, kusimama kimya kando ya mkeka kunalipwa, na "chini" linasikika mahali pengi tofauti, mtu akiwa ameketi, amegeuka, au yuko chumba cha pili. Kwa Mawingu mahali pengi maana yake ni kubeba mkeka, na kila kulala na kuinuka ni gharama kwa kiwiko. Niliona haifai.

Kilichoharibika zaidi ni siku zile tisa. Dalili zote zilikuwepo: nywele fupi na mbavu nyembamba juu ya vigae vigumu, kugota pale pale kila mara, blanketi katika maneno ya mama. Mbwa mwenye hofu peke yake huwa na siku nzuri na siku mbaya. Huyu aligota kwa upana ule ule wa vidole viwili siku zote tisa. Kugota kusikobadilika kulipaswa kunifanya nitazame viungo. Hesabu inaniuma: vikao 18, na katika kila kimoja nilimwalika mbwa kwa nyama aende mahali panapouma, naye alijaribu kila mara.

Kosa la pili ni kumwegemea kijana. Kwa sababu alikuwa hodari, nilimwachia karibu kazi yote, na mama akabaki mtazamaji mwenye mazoea ya zamani. Siku ya mgeni, mazoea yale ndiyo yaliyotoka kinywani. Kama ningempa mama vikao vyake tangu jioni ya kwanza ya blanketi, hata vitatu kwa wiki, angekuwa na neno jingine ulimini siku ile.

Sasa kabla sijatoa kipande cha nyama mfukoni, naomba video mbili: mbwa akilala mwenyewe, na mbwa akiamka asubuhi, hatua tano za kwanza. Naziangalia kwa kasi ya kawaida, kisha polepole. Mwenye mbwa akiniambia "jioni analala vizuri", namuuliza analala juu ya nini.